Sarafu ya Mama Klodeti

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya kana kwamba ndiyo kwanza inatokea. Namkasirikia kijana mmoja wa miaka ishirini na sita, mwenye baiskeli ya Kichina, suruali iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, na cheti cha kidato cha nne alichokitia kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Kijana yule ni mimi. Ningeweza kumkamata leo ningemcharaza mbele ya watu, kisha ningemkalisha chini nimweleze haya ninayokueleza wewe.

Keti basi, mjukuu wangu. Na hiyo simu iweke mfukoni. Nikiona unaichezea nitanyamaza, na sitarudia.

Jina langu, kama ujuavyo, ni Bukuru. Sisi Waha tunampa jina hilo pacha aliyetangulia kutoka. Mwenzangu Butoyi hakuishi, na mama yangu alizoea kuniambia kwamba nimekula akili za watu wawili. Nami nikamwamini. Kitongoji kizima hapakuwa na kijana mwingine aliyemaliza kidato cha nne. Barua za watu nilisoma mimi, hati za mashamba nilisoma mimi, hata makaratasi ya dawa nilisoma mimi. Watu walinipisha njiani. Waswahili walisema akili nyingi huondoa maarifa, lakini methali hiyo nilikuwa naiona ya watu wengine.

Kazi yangu ilikuwa mitumba. Nilichukua mzigo Kasulu mjini, nikaufunga kwenye baiskeli, nikazunguka magulio ya vijijini. Mzigo huo nilipewa na Mzee Shabani, mwenye duka la nguo na mafuta ya taa, mtu wa dini, ambaye babu yake alikuja Ujiji kutoka pwani akafia huku. Mzee yule alinipenda. Alikuwa na mizani ndogo ya sonara aliyorithi, na siku moja akanionyesha sarafu ya dhahabu aliyokuwa akimtunzia ndugu yake. Akanifundisha namna ya kuisoma. Nataka ulishike hilo, mwanangu: nilifundishwa. Sikukosea kwa kutojua.

Nikueleze hiyo ni sarafu gani. Zipo nchi ambazo serikali zake zina kiwanda cha kupiga fedha, na kiwanda hicho, mbali na hela za kununulia chumvi, hupiga pia sarafu za dhahabu tupu za kuwekea akiba. Juu yake huandikwa uzito na usafi wa dhahabu, ili popote duniani atakayeishika ajue ameshika nini. Huandikwa pia kiasi cha hela, dola hamsini tuseme, lakini hicho ni cha jina tu. Ukiitoa kwa hizo hamsini umeigawa bure. Bei yake ya kweli ni ya dhahabu iliyomo, kwa uzito wake, kwa soko la siku hiyo, nayo huizidi hiyo hamsini mara nyingi. Haya yote Mzee Shabani alinieleza akiwa amekaa juu ya robota la vitenge, anakunywa kahawa yake.

Sasa sikia nilivyoyatumia.

Ilikuwa siku ya gulio la Heru Juu, mvua za Machi zimekolea, barabara imekuwa uji. Miaka ile watu wa Burundi walikuwa wamemiminika kwetu. Wengi walipelekwa kambini Mtabila, wengine wakajishikiza kwa ndugu zao waliotangulia kuja zamani. Mama mmoja wa hao waliojishikiza alikuja moja kwa moja mahali nilipotandaza nguo zangu. Alikuwa kijana bado, pengine miaka yangu. Jina lake Daforoza. Mgongoni amembeba binti wa miaka minne, Klodeti, kichwa kimelala nyuma, macho nusu wazi.

"Kaka," akaniambia, "wameniambia wewe unajua kusoma."

"Wamekwambia kweli."

Akafungua fundo la kitenge akatoa sarafu. Mwanangu, niliijua kabla haijatua mkononi. Dhahabu ina uzito wake, ukiishika mara moja mkono hausahau. Upande mmoja ilikuwa na sura ya malkia, upande wa pili jani kubwa lenye ncha nyingi. Mumewe, akaniambia, alikuwa mwandishi wa hesabu kwenye kiwanda cha kahawa kwao. Hakuamini noti. Alisema noti hubadilishwa watu wakaamka maskini, basi akaweka akiba yake yote ya miaka kwenye sarafu moja. Mume huyo aliuawa. Sarafu ilivuka mpaka imeshonwa ndani ya upindo wa nguo.

"Mtoto anaumwa nini?" nikauliza.

"Homa. Shingo imekakamaa, haikunjiki. Zahanati wameniambia nimfikishe hospitali kubwa leo hii, na gari lao bovu. Yule mwenye pikapu pale anataka hela ya kukodi. Nisomee, kaka. Hii imeandikwa nini? Nikiiuza itatosha gari?"

Ingetosha gari. Ingetosha gari, na hospitali, na nyumba ya matofali ya kuchoma na bati juu. Nililijua hilo pale pale nilipochuchumaa.

Nikaushika upande wa jani nikiwa nimefunika kwa kidole gumba yale maneno ya Kiingereza yanayosema dhahabu safi. Nikaigeuza upesi upande wa malkia, nikamwonyesha ile hamsini. Namba haikuhitaji msomaji.

"Unaona, dada? Ni hela ya hamsini ya nchi ya mbali. Huku haina kazi. Labda mtu aipende kwa urembo. Mimi nitakusaidia tu kwa sababu ya mtoto."

Nilisema hivyo. Kwa sababu ya mtoto. Mdomo huu huu ninaokula nao ugali.

Daforoza aliitazama sarafu, akanitazama mimi. Nilidhani anafikiri kama aniamini au la. Kisha akasema, "Nipe unachotoa." Nikampa hela ya kutosha kukodi baiskeli na mtu wa kuiendesha, haikutosha pikapu, nikaongezea blanketi moja la mtumba, tena lenye doa. Akalichukua, akamfunika mtoto, akaondoka. Wala hakunishukuru, nami nikamwona hana adabu!

Kutoka pale hadi hospitali, kwa gari, hata kwa matope yale, ni safari ya kufika kabla ya jua la utosi. Kwa baiskeli walisukuma zaidi ya walivyopanda, mvua ikawakamata, wakalala njiani kwenye banda la watu. Wakafika kesho yake mchana. Hayo nilikuja kuyajua baadaye.

Mimi kesho yake asubuhi nilikuwa dukani kwa Mzee Shabani, nimevaa shati safi, nangoja sifa. Nikaweka sarafu juu ya meza.

Mzee akavaa miwani. Akaiweka kwenye mizani, akaisoma pande zote mbili, akairudisha mezani taratibu.

"Umeipata wapi, Bukuru?"

"Nimeinunua, mzee. Gulioni."

"Kwa nani?"

"Mama mmoja, mkimbizi."

"Kwa kiasi gani?"

Nikamtajia, nikicheka. Nikamwambia na lile blanketi pia. Mzee hakucheka.

"Na alikuwa anauza kwa nini?"

"Mtoto wake mgonjwa. Alitaka kumpeleka hospitali."

"Amefika?"

Mwanangu, swali lile lilikuwa jepesi kuliko yote niliyowahi kuulizwa maishani. Nikasema, "Sijui, mzee."

Sikuwahi kumsikia Mzee Shabani akipaza sauti. Siku ile alipiga meza hata wateja wakarudi nyuma mpaka barazani.

"Hujui! Umechukua gari la mtoto mgonjwa ukaliweka mfukoni, unakuja kunichekea hapa, hujui kama amefika! Wenye kiwanda kilichopiga sarafu hii waliandika uzito wake juu yake ili mtu kama wewe asipate nafasi ya kusema uongo. Wameandika, wewe unasoma, na bado ukasema uongo! Aliyekufundisha kuisoma ni nani? Si mimi? Basi umenitia na mimi ndani ya dhuluma yako, mzee wa miaka hii, nikaulizwe kaburini!"

"Mzee, ile ni biashara tu..."

"Biashara ni mimi na wewe sote tunajua tunachouziana. Toka na dhahabu hiyo dukani kwangu. Nenda ukamtafute leo, umrudishie leo. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako."

Unadhani nilikwenda? Sikwenda. Ndiyo maana nimekwambia ningemcharaza yule kijana. Nilitoka pale nimenuna, nasema mzee ana wivu, anataka niirudishe ili aende kuinunua yeye. Hasira ya mtu aliyekosa ni mbaya, mwanangu, maana hutafuta wa kumlaumu na humpata upesi. Nikapanda lori la mizigo kwenda Kibondo, kwa mtu mmoja niliyesikia ananunua vitu vya namna ile bila maswali.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya wageni, amekaa na wenzake wawili wanacheza bao. Akaipokea sarafu, akaipima kwa kiganja, akanitajia bei. Ilikuwa bei kubwa, ingawa sasa najua ilikuwa nusu ya haki yake. Kisha akanitazama usoni akatabasamu.

"Umemchuna nani?"

Nikajifanya natazama bao.

"Usiogope bwana. Hapa wote tunawachuna hawa. Juzi mimi nimechukua mkufu wa bibi kizee kwa debe la mahindi." Akawageukia wenzake. "Huyu mwenzetu kabisa!" Akanipiga begani, akanisogezea kiti, mmoja wao akanimiminia chai.

Mzee Shabani alinifokea nikakasirika. Huyu alinisifia, nami nikaona aibu. Niliwatazama wale watu watatu, meno yao, mikono yao juu ya bao, na nikajiona nimekaa kwenye kiti cha nne. Nikainyakua sarafu yangu. Sarafu yake, niseme. Wakanitukana mpaka nje. Hapakuwa na gari la kurudi siku ile, nikangoja. Lori likakwama njiani siku nzima, daraja limefunikwa na maji. Nilikaa kwenye jiwe kando ya barabara na dhahabu mfukoni, siwezi kununua nayo hata dakika moja ya kurudisha nyuma.

Nilifika hospitali siku ya nne.

Daforoza alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto. Klodeti yuko hai, amelala mapajani mwake, amefunikwa blanketi lile lenye doa. Nikafurahi. Nikasema moyoni, Mungu ameniponya. Nikapiga magoti, nikaiweka sarafu kwenye kiganja chake, nikaanza kueleza kwamba nilikosea kuisoma, kwamba nimekwenda kuuliza kwa wataalamu, kwamba kumbe ni dhahabu.

Akanikatiza. "Usiongeze uongo juu ya uongo."

"Dada, mimi—"

"Nilisoma madarasa sita kwetu, kwa Kifaransa. Kwenye hiyo sarafu, baada ya Kiingereza, imeandikwa *or pur*. Dhahabu safi. Wewe ulifunika Kiingereza kwa kidole chako, Kifaransa ukakiacha wazi mbele ya macho yangu, kwa sababu hukijui."

"Ulijua? Basi kwa nini uliniuliza? Kwa nini uliniuzia?"

Hapo ndipo alipolia, na alilia kwa hasira. "Nilikuuliza kwa sababu mimi ni mgeni, na neno la mgeni halina uzito. Nilitaka useme wewe, mwenyeji, mbele ya yule mwenye pikapu, ili akubali kunipakia. Uliponidanganya nilijua unanidanganya. Mtoto anawaka moto mgongoni. Nigombane na wewe? Nizunguke gulio zima kutafuta mwizi mwenye huruma kuliko wewe? Nilichukua ulichotoa nikaondoka. *Imana irabona.* Mungu anaona."

Kisha akapiga makofi mawili makubwa karibu na kichwa cha Klodeti. Mtoto hakushtuka. Hakufumbua jicho. Mgonjwa wa benchi la pili ndiye aliyegeuka.

"Daktari anasema tungewahi," akasema. "Anasema labda. Hilo 'labda' nitaishi nalo mimi. Na wewe uishi nalo."

Tulikwenda wote kwa Mzee Shabani, yeye mbele, mimi nyuma. Mzee alimpa Daforoza kiti, akaituma sarafu ikauzwe na ndugu yake yeye Mzee aliyeko Dar es Salaam, na hela ilipokuja alimkabidhi mbele ya mashahidi wawili, hakukata hata ya soda. Hela ile ilimsomesha Klodeti shule ya viziwi, mkoa wa mbali, mpaka akamaliza, akajifunza cherehani. Dhahabu ambayo ingeyaokoa masikio yake ndiyo iliyomlipia shule ya watu wasiosikia. Ukiweza kulifikiri jambo hilo bila kukasirika, mwanangu, basi damu yako si ya kwetu.

Daforoza aliishi Heru Juu miaka mingi, akalima mihogo na maharage, akapata uraia, akawa Mtanzania kama wewe. Nilipopita kwake nilisimama nikamsalimu kwa Kiha, "Mwakeye." Akaitikia, kwa sababu salamu hainyimwi mtu. Zaidi ya hapo hakuniambia neno. Nilimpelekea mbegu akazipokea, nikamjengea choo akanipikia chakula cha mafundi. Msamaha sikuusikia. Nami sikuwa na haki ya kuudai. Wako watu husema muda huponya. Wanaosema hivyo wengi wao ndio waliojeruhi wenzao.

Alipofariki nilikwenda kuchimba kaburi. Nilikuwa nimeshazeeka, vijana wakataka kuninyang'anya jembe, nikakataa. Baada ya maziko nikamtafuta Klodeti, mwanamke mzima sasa, fundi cherehani mwenye watoto wawili. Lugha yake ya mikono siijui. Lakini kuandika najua, si ndiyo sifa yangu? Nilikuwa nimeandika karatasi nzima nyumbani, nimeeleza yote, bila kujitetea. Nikampa. Akaisoma amesimama, mistari yote, pole pole. Nilimtazama usoni nikitafuta mshangao, sikuuona. Akaniomba kalamu, akaigeuza karatasi, akaandika nyuma yake, akanirudishia.

Aliandika hivi: "Mama alinieleza zamani. Alisema usichukiwe, kwa sababu ulirudi siku ya nne. Lakini alisema nisisahau kwamba daktari alituhitaji siku ya kwanza."

Akanikunjia karatasi mkononi, akaenda kuwahudumia waombolezaji.

Sasa unajua kwa nini juzi niliwafokea vijana wa pale stendi hata mkaona aibu na babu yenu. Nilimsikia mmoja akijisifu kwamba Kakonko amemkuta bibi ana sarafu ya dhahabu ya nje, mwanawe alimwachia, naye akamwambia ni bati lililopakwa rangi, akaipata kwa bei ya kuku. Na wenzake wanamshangilia, eti mjanja, eti kichwa. Nililiona lile bao la Kibondo. Niliona kiti kimesogezwa, chai inamiminwa. Mnasema mimi ni mzee mkali. Ndiyo, ni mkali! Nani atakuwa mkali kama si mimi? Anayelijua shimo kwa kuwa aliwahi kutumbukia, akimwona mtoto analikimbilia, amwite kwa sauti ya upole?

Basi shika maneno yangu, mwanangu. Ukipewa kitu ukisome, kisome kwa sauti, na usome chote, hata kile kinachokutia hasara. Usitumie ukweli nusu kumfunika mwenzako macho. Ile hamsini ilikuwa kweli, na ndiyo iliyofanya uongo wangu uwe mbaya kuliko uongo wa mlevi. Usimpime mtu akili kwa nguo zake wala kwa lafudhi yake, maana anayenyamaza mbele yako huenda amekusoma mpaka mwisho. Mtu akija na shida mkononi, shida hiyo isiwe ndiyo mizani yako. Ukisifiwa, tazama kwanza nani anakusifia. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, rudi siku ile ile. Usingoje hasira yako ipoe, usingoje gari, usitafute kwanza wa kumlaumu. Tembea kwa miguu ikibidi. Kurudi ni kuzuri siku zote, lakini kuna vitu vinavyomngoja mtu siku moja tu.

Nimemaliza, na hasira imenishuka kidogo. Njoo karibu nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe macho yanayosoma na ulimi usiokunja kilichosomwa. Akupe riziki ambayo hakuna mtu atakayelala njiani na mvua kwa sababu yake. Akujalie wazee watakaokukaripia mapema, na miguu myepesi ya kuwatii. Ukazeeke na usingizi wako mzima, mwanangu. Amina.